Siri ya Serapioni na Kisima cha Heroni

Antoni wa jangwa la Misri tunayemjua tumepewa na wasanii wa Ulaya. Mathias Grünewald, aliyepaka rangi mbao za altare ya Isenheim kati ya mwaka 1512 na 1516, alimlaza mzee huyo chini huku mapepo yenye midomo ya ndege na ngozi za mijusi yakimvuta nywele na kumwinulia virungu. Karne tatu na nusu baadaye, mwaka 1874, Gustave Flaubert alimtungia kitabu kizima cha njozi za usiku mmoja. Wote wawili wanamwonyesha mtu mmoja, jangwa moja, na mapepo. Mahubiri yetu mengi kuhusu majaribu yanafuata mkondo huo: Mkristo anasimama peke yake mbele ya kishawishi, anakaza nia, na ama anashinda ama anaanguka. Anayeanguka huambiwa aongeze maombi, afunge zaidi, akaze nia tena. Hata hivyo, maandishi ya watu walioishi jangwani hasa, na ya waliowafuata karne hadi karne, yanaeleza mambo kwa namna nyingine. Yanaonyesha kwamba watu waliokimbilia upweke ndio waliogundua mapema kuliko wengine kwamba upweke hautoshi, na kwamba jaribu hupata nguvu pale lisipojulikana na mtu mwingine yeyote. Yanaonyesha pia jambo gumu zaidi, ambalo wanaosifu maungamo hulipita haraka: anayesikiliza siri za mwenzake naye yumo majaribuni, pengine kuliko anayezisema.

Tuanze na Antoni mwenyewe. Alizaliwa Misri karibu mwaka 251 katika familia ya Kikristo yenye ardhi, akafa mwaka 356, na muda si mrefu baadaye Atanasi, askofu wa Aleksandria, akaandika habari za maisha yake. Katika simulizi hiyo, kijana Antoni alipokwisha kugawa mali yake hakukimbilia nyikani mara moja. Kwanza alimtafuta mzee wa kijiji jirani aliyekuwa ameishi maisha ya sala tangu ujanani, kisha akazunguka kwa wengine, kwa huyu akijifunza upole, kwa yule kukesha. Baadaye alipojifungia kaburini nje ya kijiji, mapepo yakampiga hadi akazimia. Hapa ndipo wachoraji huishia. Atanasi anaendelea: asubuhi yake rafiki aliyekuwa akimletea mkate alimkuta amelala kama maiti, akambeba hadi kanisani kijijini, ndugu na majirani wakakaa kumzunguka kama wakaavyo watu msibani. Usiku wa manane Antoni alizinduka, akaona wote wamelala isipokuwa rafiki yule, akamwomba ambebe tena amrudishe kaburini. Aliyerudi vitani usiku ule alirudi mabegani mwa mwenzake. Hata ile miaka karibu 20 aliyojifungia katika ngome iliyoachwa, marafiki walimpelekea mikate mara mbili kwa mwaka, na wengine walikesha nje ya ukuta wakisikiliza.

Alipotoka ngomeni watu wakaanza kumfuata, naye akawapa shauri ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko mapepo yote ya Isenheim. Aliwaambia kila mmoja ayaandike matendo yake na hata mienendo ya moyo wake, kana kwamba atakwenda kumsimulia mwenzake. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Hakuna atendaye uzinzi mbele ya macho ya watu, na hakuna apendaye wenzake wajue alichowaza kwa uchafu. Basi maandishi yakae mahali pa macho ya ndugu ambao hawapo, na aibu ya kuandika imzuie mtu hata kuwaza. Huyu ndiye baba wa wakaapweke anayesema. Baada ya kuishi miaka mingi kuliko wengi wetu bila kuonana na watu, silaha anayowaachia wanafunzi wake ni macho ya mtu mwingine, na kama mtu huyo hayupo, basi karatasi ishike nafasi yake.

Makazi yaliyofuata nayo yalijengwa kwa ujuzi huo, hata pale ambapo hakuna aliyeandika kanuni. Pakomi, karibu mwaka 320, alianzisha huko Tabenisi maisha ya pamoja yenye kazi, meza na sala za wote. Kule Nitria, Sketis na Kellia, kusini mwa Aleksandria, watu waliishi katika vyumba vilivyotengana ili jirani asimsikie jirani. Lakini Jumamosi na Jumapili walikutana kanisani na mezani, na desturi ya kumfunulia mzee mawazo ikawa uti wa mgongo wa malezi yao.

Mtu aliyeifanya desturi hiyo kuwa elimu ni Evagri wa Ponto, na maisha yake ni ushahidi hata kabla ya vitabu vyake. Alizaliwa karibu mwaka 345, akapewa ushemasi na Gregori wa Nazianzo, na mwanzoni mwa miaka ya 380 alikuwa Konstantinopoli, msomi mwenye ulimi mkali aliyesifiwa kwa kuwashinda wazushi katika mijadala. Huko akampenda mke wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mwenye cheo. Mwanamke naye alimpenda. Paladi, mwanafunzi wa Evagri aliyeandika habari hizi karibu mwaka 420, anasema Evagri alitaka kujinasua akashindwa, mpaka alipoota ndoto amefungwa minyororo mahakamani na malaika mwenye sura ya rafiki akamwapisha auhame mji. Akapanda meli kwenda Yerusalemu. Kimbilio hilo lingetosha kama kukimbia ndiyo dawa yote, maana jaribu limeachwa nyuma ya bahari. Halikutosha. Yerusalemu alirudia mavazi ya fahari na majivuno, kisha homa ikamshika nusu mwaka, na waganga hawakuona cha kutibu.

Aliyeona ni Melania, mjane wa Kirumi aliyeongoza nyumba ya watawa juu ya Mlima wa Mizeituni. Alimwambia wazi kwamba ugonjwa wake wa muda mrefu haumridhishi, na kwamba amweleze yaliyo moyoni mwake. Evagri akamsimulia yote. Melania akamtaka aahidi kushika maisha ya kitawa, akamwombea, na baada ya siku chache akapona. Karibu mwaka 383 alikwenda Misri, akakaa Nitria miaka miwili na Kellia miaka 14, hadi alipofariki mwaka 399. Inafaa tuitazame simulizi hii bila haraka. Mwanatheolojia aliyewanyamazisha wazushi wa mji mkuu alishindwa na siri yake mwenyewe. Viapo, safari na mandhari mapya havikumfaa kitu mpaka siri hiyo iliposemwa mbele ya mtu wa pili. Na mtu wa pili hakuwa askofu wala padri. Alikuwa mwanamke aliyewahi kufiwa na mume na watoto, na aliyejua kuuliza. Wale wanaodai kwamba mababu wa jangwani walimwona mwanamke kama mtego tu wana ushahidi mwingi, sitawabishia, lakini mwandishi mkubwa kuliko wote wa jangwa lile aliokolewa na swali la mwanamke.

Huko Kellia, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu, Evagri alipanga majaribu katika mawazo manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa, na kiburi. Ni orodha ambayo Papa Gregori Mkuu, karne mbili baadaye, aliigeuza kuwa vilema vikuu saba tunavyovijua. Alifundisha kwamba mawazo kutujia si hiari yetu, ila kukaa kwao ndani yetu au kutokaa ni hiari yetu. Hivyo mtu asijihukumu kwa kubishiwa hodi. Alieleza pepo wa adhuhuri, yule anayelifanya jua lionekane limesimama, anayemfanya mtawa achungulie dirishani kuona kama saa ya kula imekaribia, aichukie kazi ya mikono yake, akumbuke jamaa zake, na ashawishike kwamba upendo umekwisha miongoni mwa ndugu. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kukaa ofisini saa nane mchana akiangalia mlango anamjua pepo huyu kwa sura.

Hapa atakayenipinga ana hoja nzuri. Evagri huyo huyo aliandika kitabu cha kumjibu adui, chenye aya za Maandiko karibu 500 zilizopangwa chini ya yale mawazo manane, ili mtawa kila akijiwa na wazo awe na neno la kulirudishia. Je, hiyo si silaha ya mpiganaji wa peke yake? Na Yesu jangwani hakumjibu mjaribu kwa Maandiko bila msaada wa mtu? Kuhusu kitabu, jibu limo katika namna kilivyotungwa. Evagri alikiandika kwa sababu mtu mmoja aitwaye Loukios alimwomba, na mifano iliyomo haikuweza kutoka katika moyo mmoja: mna wazo la anayeogopa ugonjwa wa uzeeni, la anayewakumbuka wazazi, la anayemwonea wivu ndugu aliyepewa chakula kizuri. Ni kumbukumbu za msikilizaji. Simulizi ya Kikopti ya maisha yake inatuambia wapi alikozisikia: Jumamosi na Jumapili ndugu walikusanyika kwake, wakamweleza mawazo yao usiku kucha. Tena simulizi hiyo inaongeza jambo ambalo tutalihitaji mbele. Evagri aliwaambia kwamba mwenye wazo zito au la kufadhaisha anyamaze mpaka wenzake waondoke, kisha waliseme wao wawili, ili mdogo asiangamie kwa aibu mbele ya watu. Aya zile 500, basi, zilitolewa kama dawa baada ya maradhi kusemwa.

Kuhusu Yesu, hoja ni nzito zaidi na haijibiwi kwa sentensi moja. Mathayo na Luka wanakubaliana kwamba alikuwa peke yake siku zile 40. Hakuna mwanafunzi aliyekuwepo. Petro na wenzake hawakuwa hata wameitwa. Basi msomaji anayeamini simulizi hiyo analazimika kuuliza wanafunzi waliipata wapi, na sioni jibu jepesi kuliko hili: mwenyewe aliwasimulia. Kwamba aliona njaa, kwamba alioneshwa falme, kwamba mjaribu alitumia Maandiko dhidi yake, yote haya yasingejulikana kama aliyejaribiwa angeona vema kuyaficha. Jaribu lake la mwisho linasema wazi zaidi. Bustanini Gethsemane aliwachukua watatu, akawaambia roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Walilala, ndiyo. Lakini aliwaomba, na aliporudi akawakuta wamelala alirudi tena kuwaamsha. Anayejenga fundisho la kupambana kwa upweke juu ya siku 40 za nyikani hana budi kueleza kwa nini Bwana huyo huyo, usiku ule, hakutaka kuwa peke yake.

Yohane Kasiano alifika Misri miaka ya 380 akiwa na rafiki yake Germano, akakaa kwa wazee miaka mingi, kisha karibu mwaka 415 akahamia Marseille, Ufaransa ya leo, akawaandikia watawa wa huko aliyoyasikia. Mazungumzo ya pili katika kitabu chake, aliyoyasikia kwa abba Musa wa Sketis, yanaweka simulizi tatu karibu karibu, na nadhani aliziweka hivyo kwa makusudi. Ya kwanza ni ya Heroni. Mzee huyu alikaa jangwani miaka 50, akafunga kwa ukali kuliko wote, na hakukubali kwenda kula na ndugu hata siku ya Pasaka, asije akaonekana amelegeza kitu. Akamwamini shetani kama malaika wa nuru, akajitupa katika kisima kirefu usiku, akiwa na hakika kwamba kwa fadhila zake hataumia. Ndugu walimtoa kwa taabu akiwa nusu mfu, na siku ya tatu akafa, akikataa mpaka mwisho kukiri kwamba alidanganywa. Abba Pafnuti alikubali kwa shida asihesabiwe miongoni mwa waliojiua. Nia ya Heroni haikuwa dhaifu. Nusu karne ya kufunga inathibitisha hilo. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza kuhusu malaika wake kabla ya usiku ule.

Ya pili ni ya Serapioni, aliyesimulia mwenyewe akiwa mzee. Alipokuwa mtoto akiishi na abba Theona, kila siku baada ya chakula cha saa tisa aliiba mkate mmoja mkavu, akauficha kifuani, akaula jioni kwa siri. Anasema uchungu wa wizi ulizidi utamu wa mkate, na bado kila siku aliiba, kama mtumwa anayesukumwa na wasimamizi wa Farao. Siku moja wageni walikuja, mazungumzo yakageukia ulafi na nguvu ya mawazo yanayofichwa. Mtoto akadhani Mungu amemfunulia mzee wake siri yake, akalia, akautoa mkate kifuani, akauweka katikati ya watu. Theona hakumkemea. Alimwambia kwamba kukiri kwake kumekwisha kumfungua hata kabla yeye hajasema neno, na adui hatapata tena nafasi, kwa kuwa amefichuliwa. Kasiano anaongeza taa ya moto iliyomtoka kifuani na harufu ya kiberiti iliyojaa chumba. Mwenye kutaka aichukue kama ilivyo, mwenye kutaka aiache. Kilicho wazi ni kwamba mkate ulikuwa mdogo. Kilichomfunga Serapioni ni kifua alimouficha.

Kama Kasiano angeishia hapo tungekuwa na fundisho rahisi: sema, utapona. Lakini simulizi ya tatu inaliharibu. Ndugu kijana aliyesumbuliwa na tamaa za mwili alikwenda kwa mzee akamweleza, na mzee akamtukana, akamwambia hastahili hata jina la mtawa. Kijana akakata tamaa, akaamua kurudi mjini kuoa, kwa kuwa utawa umekwisha kumtupa. Njiani akakutana na abba Apolo, aliyemsoma usoni, akambembeleza aseme, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, kwa umri wake ule, bado anajaribiwa vivyo hivyo. Kisha Apolo akaenda kusimama nje ya chumba cha yule mzee mkali, akaomba kwa machozi kwamba jaribu limwondokee kijana limshukie mzee, apate kujua. Mzee akatoka mbio akirandaranda kama mwendawazimu, akishika njia ile ile ya mjini. Apolo akamrudisha na kumwambia kwamba adui hakuwa amejishughulisha naye hadi siku hiyo, ndiyo maana hakujua kuwahurumia wengine. Kasiano anahitimisha kwa onyo kwamba mvi peke yake si sababu ya kumwamini mtu. Ukizisoma tatu pamoja, tofauti kati ya Theona, Apolo na yule mzee haiko katika elimu wala cheo. Apolo alianza kwa kujisema mwenyewe.

Kanisa la Magharibi lililinda maungamo kwa sheria. Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aungame kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka, na padri atakayefichua siri aondolewe upadri na kufungiwa monasterini kwa toba ya maisha. Kinga hiyo ilikuwa ya lazima, wala sidhani inafaa kubezwa. Hata hivyo, iliweka msikilizaji upande mmoja wa kizuizi na msemaji upande mwingine, na Waprotestanti wa karne ya 16 waliona hatari yake. Kutoka kwao imetujia hoja ambayo wasomaji wengi watakuwa wameishika tangu mwanzo: mpatanishi ni Kristo tu, basi kwa nini nimwambie mtu? Kuhusu msamaha, hoja hiyo inasimama. Lakini kupewa msamaha na kushinda jaribu la kesho ni mambo mawili, na Yakobo katika waraka wake aliwaagiza waamini waungamiane ili waponywe. Waprotestanti wenyewe waliligundua hilo upya. John Wesley, Desemba 1738, aliandika kanuni za vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki, akiziegemeza kwenye agizo hilo la Yakobo. Kila mmoja aliulizwa dhambi gani ametenda tangu kikao kilichopita, jaribu gani limempata, na ameokolewaje nalo. Wapinzani wake walimshutumu kwa kurudisha Upapa. Dietrich Bonhoeffer, baada ya Gestapo kuifunga seminari yake ya Finkenwalde mwaka 1937, aliandika kitabu juu ya maisha ya pamoja, kilichotoka mwaka 1939, na ndani yake hoja kwamba anayebaki peke yake na uovu wake yuko peke yake kabisa. Wote wawili walikuwa Waprotestanti wa kweli. Walichokataa ni kwamba kazi hii ni ya padri peke yake.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, na si ndogo. Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia pamoja kwa siku mbili. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, na mwishoni mwa Desemba 1933 mkutano wa hapo ukageuka kuwa wa maungamo: watu walisimama mmoja baada ya mwingine. Kutoka hapo Uamsho ulienea Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukavuka hadi Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika. Waliitwa Balokole, waliookoka. Shughuli yao kuu ilikuwa kikao cha ushirika cha kila wiki ambamo mtu alieleza wapi ameteleza na wapi anajaribiwa, wakikiita kutembea nuruni, kwa lugha ya waraka wa kwanza wa Yohana. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Na jambo lililowashangaza watu wa zama zile za ukoloni: wamisionari Wazungu waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi.

Lawama dhidi yao zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa za haki. Kusimama hadharani na kutaja uzinzi kulimwanika pia yule mtu wa pili ambaye hakuomba kutajwa. Ushuhuda uliozoeleka unaweza kuwa njia ya kutafuta sifa, wazo la saba katika orodha ya Evagri. Na aliyekwisha kuungama alijaribiwa kumhukumu ambaye hajaungama. Mwaka 1941 mgogoro wa aina hiyo katika chuo cha theolojia cha Mukono ulimalizika kwa William Nagenda na wanafunzi wenzake zaidi ya 20 kufukuzwa. Ile kanuni ya Kellia, kwamba zito lisemwe na wawili wenzake wakishaondoka, ingewaepusha na mengi. Lakini lawama hizi zinahusu ukumbi na idadi ya masikio. Hazigusi kiini, nacho ni kwamba katika kikao cha ndugu hakuna aliyekaa upande wa kusikiliza tu.

Kiini hicho kilipimwa Kenya kuanzia Oktoba 1952, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa kikoloni. Katika nchi ya Wakikuyu ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia kubeba bunduki za askari wa ulinzi wa serikali, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Jaribu lao lilikuwa la hofu, si la mwili, na walilikabili jinsi walivyozoea, kwa kuambiana. Mtu anaweza kudai, na wengi wamedai, kwamba walikosea kisiasa na kuwaacha wapigania ardhi. Hilo ni suala la makala nyingine. La hapa ni kwamba miaka ile ile, katika kambi za kizuizini, serikali ya kikoloni nayo ilidai maungamo. Aliyefungwa alitakiwa kuungama kiapo chake, na mateso yalitumika kumtoa neno kinywani. Tendo lilifanana kwa nje: mtu anataja kilichokuwa siri. Lakini msikilizaji wa kambini hakuwa na lolote la kusema juu yake mwenyewe, na alikuwa na rungu. Ni yule mzee mkali wa Kasiano, safari hii bila Apolo. Machi 1959, kambini Hola, watu 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema waliugua kwa maji waliyokunywa.

Serikali iliyodai maungamo ya wengine ilikuwa na siri zake yenyewe. Faili za zama hizo zilisafirishwa hadi Uingereza uhuru ulipokaribia, zikawekwa mahali ambapo watafiti hawakuruhusiwa kuzifikia, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau mahakamani London ilipoilazimisha serikali kukiri mwaka 2011 kwamba ziko Hanslope Park. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akakubali kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Katika kauli hiyo hiyo alisema serikali yake inaendelea kukana dhima ya kisheria.